Pasi Baridi ya Bi Marinda

Bi Marinda alilowesha ncha ya kidole, akaigusa pasi, akasubiri ule mlio wa maji yanapokutana na moto. Haukuja. Akaweka kidole kizima, kisha kiganja. Pasi ilikuwa baridi kama jiwe la kisimani, na plagi yake imelala kando, juu ya meza.

"Nimekuchomeka," aliiambia kwa sauti ya chini. "Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Aliichomeka upya, akasimama pale pale akiilinda kama mtu anayelinda maziwa yasifurike, na huku vitambaa vya kutandaza juu ya nguo, alivyokwisha kuvilowesha, vikianza kumkaukia kwenye benchi.

Jina la Bi Marinda alipewa na mtaa. Sketi za sare za shule, zile zenye marinda membamba yanayozunguka kiuno, fundi yeyote anaweza kuzishona. Kuyafanya marinda yale yalale upande mmoja, yasifumuke hata msichana akiruka kamba, hapo ndipo mafundi wengi wanapotafuta mlango wa kutokea. Wenye cherehani walizileta kwake zikiwa zimepigwa bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza marinda, naye akazinyoosha katika chumba cha mbele cha nyumba yake, kwa pasi nzito ya zamani isiyo na taa wala kidude cha kuonyesha joto. Alikuwa amevuka miaka sabini. Mgongo umeanza kuinama, nywele zimebaki chache, na wenye utani walipomkumbusha kwamba akili ni nywele, aliwajibu kwamba za kwake zimechoka jua, zimehamia ndani.

Siku hizi utani huo haukutoka tena mdomoni kwake.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Kwanza ilikuwa pasi. Aliusingizia umeme, mpaka siku alipoikuta baridi na huku feni inazunguka juu ya kichwa chake. Halafu likaja dirisha. Yeye hapigi pasi bila dirisha kuwa wazi, mvuke utoke, lakini akirudi kutoka uani analikuta limefungwa na komeo limeshuka. Halafu bakuli la maji, ambalo tangu aanze kazi hukaa mkono wake wa kulia, likaonekana jikoni juu ya kabati. Alilitazama kwa muda mrefu. Bakuli halina miguu, kwa hiyo aliyelipeleka ni yeye, na kama ni yeye, basi hakumbuki.

Mama yake alianza hivyo hivyo. Alianza na vitu vidogo, kikombe hapa, ufunguo pale, akaishia kuficha viatu ndani ya debe la unga. Mwishoni alimwita yeye, mwanawe wa kumzaa, "dada," akamkaribisha kiti na kumwuliza kwa adabu kama amekula. Katika yote yaliyotokea miaka ile, adabu hiyo ndiyo iliyomuuma Bi Marinda kuliko matusi. Mama hamfanyii mwanawe adabu ya mgeni.

Basi hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humfichua, hilo alilijua, lakini alijua pia kwamba maradhi haya yakishatajwa mtu haachiwi tena kisu wala kiberiti. Akajitibu mwenyewe. Alijifunga uzi mwekundu kidoleni. Uzi ulimkumbusha kwamba kuna jambo la kukumbuka, haukumwambia ni lipi. Akautupa, akaanza kusema kila analolifanya, kwa sauti, neno baada ya neno, kama mtoto anayesoma ubaoni. Nachomeka pasi. Nafungua dirisha. Naweka bakuli. Pasi, umenisikia? Usije ukanikana.

Akienda uani na kurudi, pasi imemkana.

Mumewe alikuwa barazani na redio yake. Mtaa ulimwita Zimamoto, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote, na hata alipostaafu alipata kibarua kwenye ghala moja cha kuwafundisha watu kutumia mitungi ya kuzimia moto. Mwaka huu magoti yamezikataa ngazi za ghala, akarudi nyumbani moja kwa moja. Ndoa yao ilikuwa imezaa, imejenga, imezika wazazi wa pande zote mbili. Kukaa pamoja chini ya paa moja tangu asubuhi mpaka jioni, hilo ndilo walikuwa hawajawahi. Bi Marinda aliwaambia majirani kwamba uzeeni ameolewa upya, na mume mpya hajui vijiko vinakaa wapi.

Siku moja alimwuliza kwa kuzungukazunguka kama umeme ulikatika asubuhi ile. Zimamoto alishusha miwani, akasema haukukatika. Kisha akamtazama. Bi Marinda aliyajua macho yale. Aliyaona zamani, alipompelekea chakula kazini akamkuta mbele ya nyumba iliyoungua, amemwinamia mwanamke aliyeketi juu ya godoro lake barabarani. Yalikuwa macho ya huruma, na mtu mzima hapendi kuhurumiwa na anayelala naye kitanda kimoja. Tangu siku hiyo hakuuliza tena kitu.

Jumamosi moja binti yao alikuja. Huyo ndiye mtoto wao wa pekee, mwalimu, mtu wa kupanga mambo hata yale yasiyo yake. Alikuja na matunda, akaketi, akaanza kusifia mapazia, na Bi Marinda akajua kuna neno linakuja, maana mapazia yale yalikuwa yale yale ya mwaka juzi.

Neno lilikuja. Nyumbani kwake kuna chumba cha chini, karibu na choo, amekwisha kukipaka rangi. Mama angehamia huko apumzike. Baba angefuata nyumba hii ikishapata mpangaji. Lakini kwanza waende hospitali wakamwone daktari wa wazee, ampime mama kichwa, tena siku ameshapata, ni Jumatano. Bi Marinda aliuliza pasi yake itawekwa wapi katika chumba hicho. Binti alimshika mkono, akasema pasi ingebaki.

"Nani amekwambia nina kichwa cha kupimwa?"

"Mama, ulinipigia simu ukanipa habari ya harusi ya jirani. Kesho yake ukanipigia ukanipa habari ile ile, kama mpya." Binti aliuachia ule mkono. "Na baba anasema unaongea na pasi."

Zimamoto aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kumbe wanajua. Alikiona kile chumba kilichopakwa rangi, akajiona ameketi kitini, mikono mapajani haina la kufanya, na binti yake anaingia kumwuliza kwa adabu kama amekula. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Alisema atakwenda kwa daktari. Daktari akisema kichwa kinaondoka, atafunga mzigo wake mwenyewe, hatabembelezwa na mtu. Akisema kipo, basi chumba hicho wakipangishe, na mtu asimfungulie tena mdomo habari ya kupumzika. Wote wawili wakakubali, haraka mno, kama watu wanaokubaliana na mtoto.

Siku ile ile alimpigia simu mwenye duka la sare, akamwambia kwamba mzigo alionao huenda ukawa wa mwisho. Mwenye duka akauliza amemkosea nini.

Jumatano wakaenda. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na chumba chake kilikuwa na kitanda chembamba, mizani, na kiti kilicholia kila mtu alipokikalia. Aliwaamkia, akawaacha baba na binti wakae nyuma karibu na mlango, akavuta kiti chake hadi magoti yake yakawa karibu na ya Bi Marinda.

Alimtajia maneno ya kuyashika, sahani, mlima, ufagio, akasema atayauliza baadaye. Akamwuliza siku na mwezi. Akampa karatasi achore saa. Mkono wa Bi Marinda uliozoea kugawa kiuno cha sketi katika marinda yanayolingana haukushindwa kugawa duara. Alipoambiwa ahesabu kwa kurudi nyuma alikwenda polepole, akajikwaa, akarudi, akafika. Nyuma yake alisikia binti akivuta pumzi kila alipokawia. Kisha daktari akauliza yale maneno.

"Sahani," Bi Marinda alisema. "Mlima."

Akatafuta la tatu. Alilitafuta kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, anajua ipo, anaogopa kuikanyaga. Halikuja. Daktari alisema si kitu, akaandika. Kule kuandika kulimtoboa Bi Marinda. Akaona heri aseme yote. Kama ni kuondoka, aondoke mkweli.

Akasimulia. Alisema anachomeka pasi na kuikuta imechomolewa. Anafungua dirisha na kulikuta limefungwa. Anaweka bakuli la maji na kulikuta jikoni. Alisema alijifunga uzi, alisema sababu ya kuongea na pasi, kwamba alikuwa anajiwekea ushahidi. Alieleza habari ya mama yake na viatu katika unga. Sauti ilikatika alipofika kwenye neno "dada," akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

Kile kiti cha nyuma kikalia. Zimamoto alikuwa amesimama.

"Pasi naichomoa mimi," alisema.

Bi Marinda aligeuka.

"Ninaichomoa mimi, mama. Na dirisha nafunga mimi. Upepo na moto ni marafiki wa zamani, siwezi kuacha dirisha wazi penye pasi." Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, anaizungusha. "Bakuli pia. Maji na umeme juu ya meza moja. Nililiondoa."

"Kwa nini?"

"Unaiacha inawaka unakwenda zako uani. Kila siku. Nimeona nyumba ngapi zimeondoka na pasi, unajua wewe?"

"Nakwenda kulowesha vitambaa!" Hiyo ilimtoka kwa sauti iliyomshtua hata mwenyewe. Akaishusha. "Baba, ile pasi ni nzito. Inachelewa kupata moto. Nikiichomeka nakwenda uani nalowesha vitambaa, nakamua, nakunja, na nikirudi imekuwa tayari. Pasi isiingoje nguo, nguo isiingoje pasi. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyofanya tangu ulipokuwa na meno yako yote."

"Mimi nitajuaje?" Zimamoto alisema. "Mchana nilikuwa kazini."

Daktari aliweka kalamu chini.

Ndipo lilipotoka lote, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Bi Marinda alitaka kujua ni kwa nini asiseme, mtu na mdomo wake. Zimamoto alieleza kwamba kazini walifundishwa kuwa mwenye nyumba hatiwi hofu. Unaingia kimya, unazima, unatoka, maana mtu akishapagawa hurudi ndani kufuata godoro. Alidhani anamstiri. Na alipomsikia anaiuliza pasi kama imemsikia, alijua mambo yameharibika, akazidisha ulinzi. Bi Marinda alisema hakumshuku hata kidogo kwa sababu tangu waoane hajawahi kuigusa meza yake ya kazi, hata kufuta vumbi. Na kumbe siku hizi anaingia na kutoka kama paka mwizi.

"Ulipouliza kama umeme ulikatika," alisema Zimamoto, "nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia."

Bi Marinda alimtazama mzee yule aliyesimama na kofia yake. Hasira iliyokuwa imeanza kuchemka ikakosa kuni.

"Ufagio," alisema.

Wote wakamtazama.

"Neno la tatu. Ufagio." Akamgeukia daktari. "Limefika. Lilikuwa njiani."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Lakini alikuwa mtu makini, hakuwaachia waondoke na kicheko peke yake. Alisema kwamba kichwa cha mtu wa umri wao ni kama ghala lililojaa. Mali imo, nyingi kuliko ya kijana, ila mtunza ghala naye amezeeka, akitumwa kitu anatembea polepole, na akiharakishwa anarudi mikono mitupu. Kuchelewa siyo kupotea. Kwa aliyoyaona leo hakuna ugonjwa anaoweza kuutaja. Angempima damu na macho, na angependa amwone tena baada ya miezi kadhaa, kwa kuwa hofu ya Bi Marinda juu ya mama yake ina maana na haifai kupuuzwa. Kazi yake aiendeleze. Kilichobaki, alisema akimwangalia Zimamoto, siyo cha hospitali.

Bi Marinda alihisi mabega yake yakishuka. Hakujua kwamba yalikuwa juu. Alikaa akipumua tu, kama mtu aliyetua ndoo kutoka kichwani na shingo bado haiamini.

Nje, kwenye ukumbi wenye mabenchi, binti yao aliketi akafunika uso, na mama yake akadhani analia, kumbe anacheka na kulia kwa pamoja. Alisema miezi yote hiyo amekuwa akilala na simu mkononi. Bi Marinda aliketi karibu naye, akamwambia kwamba kuhusu habari ya harusi, alimpigia mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza binti alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Alisikia kurasa zikigeuka. Kila alichomwambia alijibiwa "mm." Hata alipomwambia kwa makusudi kwamba bwana harusi amekuja amepanda ng'ombe, alijibiwa "mm, vizuri."

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

Binti aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Kile chumba kipangishe."

Binti alisema hatakipangisha, atakiacha kiwe cha wageni. Bi Marinda alikubali, kwa kuwa mgeni ni mtu anayekuja, na akichoka huaga. Kisha akaomba simu, akasogea dirishani, akampigia mwenye duka la sare. Alimwambia kwamba yale maneno ya mzigo wa mwisho ayafute, yalikuwa maneno ya uchovu. Mwenye duka alishusha pumzi kwa nguvu, akakiri kwamba alikwisha kumjaribu mtu mwingine, na sketi zimerudi marinda yameelekea kila upande kama watu waliokosana njiani.

Asubuhi iliyofuata Zimamoto hakwenda barazani. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele, akabisha hodi nyumbani kwake mwenyewe. Aliomba aonyeshwe. Basi Bi Marinda akamwonyesha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, namna anavyofanya kazi. Alichomeka pasi mbele yake. Alifungua dirisha, akamwona mzee anakunja uso, akalifunga nusu. Bakuli wakakubaliana likae kwenye kigoda, chini ya meza, mbali na waya. Alipokwenda uani alimwachia pasi ailinde, na kwa kuwa yeye naye ni binadamu na amesumbuliwa vya kutosha, alikaa huko zaidi ya ilivyohitajika. Akavikamua vitambaa, akavikunja, akavikunjua, akavikunja tena. Aliporudi alimkuta Zimamoto ameikodolea pasi macho, jasho limemtoka, mkono mmoja karibu na plagi lakini haujaigusa.

"Unaona?" alimwambia.

"Naona. Siku nyingine uharakishe."

Alimfundisha kushika ukingo wa sketi wakati yeye anakandamiza. Vidole vyake vilikuwa vikubwa na vya polepole, ila vilikuwa vimetulia, haviogopi joto. Wakati wakifanya kazi Zimamoto alimsimulia mambo ya ghalani ambayo hakuwahi kumsimulia, na yeye akamsimulia ya chumba hiki, fundi gani hushona kwa hasira na fundi gani akigombana na mkewe bandi zake huenda kombo. Wakacheka. Ilionekana kwamba kila mmoja ana mchana mrefu ambao mwenzake hajawahi kuuona, na muda wa kuusimulia upo.

Mchana wakakaa kula. Bi Marinda ndiye aliyepika, peke yake, na Zimamoto alikuwa hajakanyaga jikoni tangu asubuhi. Akaonja mchuzi. Akaacha kutafuna. Akaushika mdomo, akatazama dari.

Bi Marinda naye akaonja. Chumvi ilimkamata ulimi kama koleo. Alikuwa ametia mara mbili, hakuna shaka, na safari hii hapakuwa na mkono wa mtu. Wiki iliyopita angeiacha sahani akaenda kujificha chooni. Sasa alimtazama mumewe, mumewe akamtazama, kila mmoja akisubiri mwenzake aseme.

"Hii ni yangu," alisema.

"Najua," alisema Zimamoto. "Mimi ningetia tatu."

Akanyanyuka, magoti yakilalamika, akaenda kuleta maji ya moto ya kuongezea kwenye mchuzi.